SOMO LA BIOLOJIA: MILANGO YA SELI NA SUMU YA KOLERA



Mu Lubumbashi kila mtu anajua vile inakuwaga wakati wa mvua. Mayi inajaa mu mifereji, inapita karibu na vyoo, inaingia mu visima, na kisha wiki chache tunaanza kusikia tena neno "kolera", ndiyo kipindupindu. Kwa hiyo sisi wa mwaka wa mwisho, sekisho ya kimia na biolojia, tumeona vema kuchagua somo lenye kusaidia ku internati na ku nyumba pia.

Somo lenyewe ni namna protini zinavyopita utando wa seli kupitia milango. Tunajua wengi hawalipendi. Wanasema: "Hii ni mambo ya kushika mu kichwa tu, juu ya Exetat, kisha unasahau." Lakini kolera ni somo hilihili. Mwenye kuelewa milango ya seli anaelewa juu ya nini mgonjwa anakauka kwa saa chache tu, na juu ya nini mayi yenye sukari na chumvi inamuponyesha. Mwenye kushika maneno tu bila kuelewa anaweza kumukataza mgonjwa kunywa, na mgonjwa akafa mbele yake. Basi tusome polepole, hatua kwa hatua.

1. UKUTA WA MAFUTA

Chukua kopo ya mayi, tia ndani mafuta kidogo ya ngazi. Ukoroge vile unapenda, kisha uache. Mafuta inapanda juu, mayi inabaki chini. Hivi viwili havipatani.

Utando wa seli umejengwa kwa mafuta ya namna hiyo, tabaka mbili zimelaliana. Ni mwembamba sana: karibu nanometri 5, maana yake ukigawanya milimita moja kwa vipande milioni moja, utando unachukua vipande 5 tu. Hata hivyo ni ukuta wa kweli. Oksijeni inapita bila shida. Lakini chumvi ikiyeyuka inakuwa sodiumu na kloridi zenye chaji ya umeme, na vitu vyenye chaji haviwezi kupita mu mafuta. Protini nayo haipiti: ni kubwa, na sehemu zake nyingi zinapenda mayi kuliko mafuta.

Kama ukuta ungekuwa hauna mlango, seli ingekufa. Ndiyo maana mu utando mnapandwa milango, na milango hiyo yenyewe ni protini. Tushike neno moja hapa, litatusaidia mpaka mwisho: KILA MLANGO UNA WATU WAKE. Mlango wa kloridi haupitishi protini. Mlango wa protini haupitishi sukari. Nyumba ni moja, lakini kila mlango unajua nani wa kupita.

2. KASUMBALESA YA NDANI YA SELI

Protini zinatengenezwa na mashine ndogo zinazoitwa ribosomu. Ribosomu inaunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, kama shanga mu uzi. Protini zingine zinafanya kazi palepale ndani ya seli. Zingine zinapaswa kutoka inje: insulini inayoingia mu damu, mayi ya tumbo yenye kusaga chakula, askari wa damu wanaopigana na mikroba. Sasa swali: ribosomu zote zinafanana, je, seli inajuaje hii inabaki na ile inatoka?

George Palade, mwenye kufanya kazi mu Rockefeller, New York, alifuata njia hiyo mu seli za kongosho. Aliona kwamba protini zenye kutoka zinaingia kwanza mu retikulumu. Retikulumu ni kama nyumba ya vyumba vingi ndani ya seli, yenye kuta zake za mafuta. Kutoka kule zinapelekwa mu Golgi ndani ya vifuko vidogo, kisha zinatupwa inje. Palade alipata zawadi ya Nobel mwaka 1974, pamoja na Wabelgiji wawili, Albert Claude na Christian de Duve.

Lakini mlango wa kuingilia mu retikulumu ulibaki fumbo. Günter Blobel, aliyefanya kazi mu laboratwari ileile, alitoa wazo mwaka 1971 pamoja na David Sabatini. Mwaka 1975 yeye na Bernhard Dobberstein walilionyesha kwa majaribio. Blobel alipata Nobel mwaka 1999. Wazo lake tunaweza kulieleza kwa mfano wa kwetu.

Kila mmoja anajua Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia. Malori yanasimama kwa mstari. Lori haliangaliwi rangi wala ukubwa, linaangaliwa karatasi. Mwenye karatasi ya kuvuka anaelekezwa ku kizuizi, kizuizi kinapanda, anapita. Asiye nayo anarudi.

Protini yenye kwenda inje nayo inabeba karatasi. Karatasi hiyo ni kipande chake cha mbele, asidi amino karibu 15 mpaka 30, zenye kuandikwa kwa namna ya pekee. Kinapotokea tu mu ribosomu, mjumbe mmoja anakishika na kusimamisha kazi kidogo. Anaipeleka ribosomu yote mpaka ku utando wa retikulumu, pahali pa mlango unaoitwa Sec61. Hapo kazi inaendelea, na protini inasukumwa ndani huku ikitengenezwa. Ikiisha kuvuka, karatasi inakatwa, juu kazi yake imekwisha.

Tushike mambo matatu juu ya mlango huu:

(a) Protini inapita kama uzi, si kama kifurushi. Tundu la Sec61 ni jembamba sana. Protini yenye kukunjwa tayari haiwezi kupita. Inapita imenyooka, sawa uzi mu tundu la sindano, na inajikunja upande wa pili.

(b) Mlango una kizibo. Mwaka 2004 kundi la Tom Rapoport, ku Harvard, Marekani, lilionyesha umbo la mlango wa namna hii. Katikati ni mwembamba kama kiuno, na kizibo kidogo kinaufunga wakati hakuna protini. Bila kizibo, vitu vidogo vingevuja kila saa.

(c) Mlango unaweza kufunguka hata ubavuni. Kwa njia hiyo protini zingine haziendi mpaka ndani. Zinaachwa mu ukuta wenyewe. Hizo ndizo zinakuwa milango mingine. Kwa hiyo hata mlango wa kloridi na mlango wa sukari, tutakaoona chini, vilipandwa mu ukuta kwa njia ya Sec61.

3. SAFARI YA SUMU: MILANGO MITATU

Sasa tuje ku kolera. Mikroba yake inaitwa Vibrio cholerae. Inaingia kwa kinywa, mu mayi ao mu chakula. Nyingi zinakufa mu asidi ya tumbo. Zenye kubaki zinafika mu matumbo madogo, zinashikamana na ukuta, zinazaana. Haziingii mu damu, hazitoboi matumbo. Sasa zinaua namna gani?

Jibu lilipatikana Calcutta, India, mwaka 1959. Daktari S. N. De alionyesha kwamba mikroba yenyewe haihitajiki mbele ya seli. Mayi ambamo mikroba imekaa inatosha kuleta ugonjwa mu tumbo la sungura. Maana yake mikroba inatoa sumu. Na sumu hiyo ni protini. Basi nayo inapaswa kupita milango, kama protini zote. Tuhesabu.

Mlango wa kwanza. Vibrio ina kuta mbili za mafuta, ya ndani na ya inje. Sumu imetengenezwa kwa vipande 6: kimoja kinaitwa A, chenye asidi amino 240, na vitano vinaitwa B, kila kimoja 103. Kila kipande kinabeba karatasi ya mbele, kinapita ukuta wa ndani kama uzi. Mlango wake ni ndugu wa Sec61 yetu. Vimetoka ku ukoo mmoja wa zamani sana. Mikroba na mtu wanatumia mlango wa aina moja! Hapo kati ya kuta mbili vipande vinajikunja: B tano zinafanya duara, A inakaa juu yake.

Mlango wa pili. Ukuta wa inje wa mikroba una mlango wa namna ingine, mkubwa. Huu unapitisha sumu nzima, imekwisha kukunjwa na kuunganishwa. Ndiyo tofauti ambayo mwalimu anapenda kuuliza: kuna milango ya uzi, na kuna milango ya kifurushi. Tusiichanganye.

Sasa sumu iko mu tumbo la mtu. Zile B tano zinashika mafuta fulani ya pekee, GM1, yenye kukaa juu ya seli za matumbo. Seli inameza pahali pale, kama mtu anavyomeza tonge, na sumu inajikuta ndani ya kifuko.

Hapa wengi wanakosea. Wanasema: "Basi imeingia." Bado! Kifuko kimetengenezwa kwa ukuta wa seli wenyewe. Aliye ndani ya kifuko hajavuka ukuta hata kidogo, ni sawa mtu aliyefichwa mu kontena ya lori: lori limefika mu mji, lakini yeye hajakanyaga chini. Sumu inabebwa mu vifuko, inarudi njia ya Palade kinyumenyume: inapita Golgi, inafika mu retikulumu. Kule A, iliyokwisha kukatwa kuwa A1 na A2, inaachanishwa. A1 peke yake njo yenye kuua.

Mlango wa tatu. Retikulumu ina desturi nzuri. Protini zenye kukunjwa vibaya haziachwi mle. Zinanyooshwa, zinavutwa inje kupitia mlango, zinarudishwa mu mayi ya seli, zinapigwa alama, na mashine ya kuvunja inazivunja. Ni kama kiwanda kinavyotoa vyuma vibovu kwa mlango wa nyuma. Wenye elimu walitaja kwanza Sec61 yenyewe kuwa mlango huo wa kutokea. Kisha majaribio mengine yakaelekeza ku protini ingine inayoitwa Hrd1.

A1 inafanya ujanja. Inajilegeza, inakuwa kama protini mbovu. Seli kwa mkono wake mwenyewe inaichukua na kuipitisha ku mlango wa nyuma. Hii ni magendo ya kweli, ile tunaita frodi: haikuvunja mlango, haikupiga mlinzi, imevaa nguo ya takataka tu. Na kule inje juu ya nini haivunjwi? Juu alama ya kuvunja inabandikwa zaidi ku asidi amino moja inayoitwa lisini. Protini nyingi zina lisini nyingi. A1 ina 2 tu. Alama inakosa pahali pazuri pa kushika, A1 inaponyoka, inajikunja tena, inaanza kazi.

Ndugu msomaji, ona vile iko. Ukuta wa seli ulikuwa imara. Milango ilikuwa na walinzi. Adui alipita kwa sababu alijua desturi ya nyumba.

4. BOMBA LISILOFUNGWA

A1 ni enzimu. Ndani ya seli kuna kiwashio, sawa kile cha taa: kinawaka kidogo, kinazimika. A1 inakibandika kitu kisiweze tena kuzimika. Kiwashio kikibaki kuwaka, seli inatengeneza mjumbe anayeitwa cAMP, mwingi kupita kipimo. cAMP anakwenda ku mlango mwingine, upande wa seli wenye kutazama ndani ya tumbo. Mlango huo ni wa kloridi. Jina lake ni CFTR. Kwa desturi unafunguka kidogo tu, kulainisha tumbo. Sasa unabaki wazi.

Kloridi inatoka. Sodiumu inaifuata, juu chaji zao zinavutana. Mayi inafuata chumvi, kama siku zote. Seli moja inatoa kidogo sana, lakini seli za matumbo ni nyingi mno: mgonjwa mkubwa anaweza kupoteza mpaka litri 1 kwa saa moja. Choo inakuwa nyeupe, sawa mayi ya kuoshea mchele. Macho yanazama, ngozi ukiifinya hairudi haraka, sauti inapotea, mapigo ya moyo yanakuwa dhaifu. Bila matunzo, mu wagonjwa wenye kuumwa sana karibu nusu wanaweza kufa, wengine kwa saa chache tu tangu kuanza. Wakitunzwa vema na mapema, hafi hata mmoja mu mia. Tofauti hii kubwa inatoka wapi? Si dawa ya bei kali. Inatoka ku mlango mmoja tena.

5. MLANGO AMBAO SUMU HAIKUFUNGA

Mu seli zilezile za matumbo kuna mlango unaoitwa SGLT1. Huu una sheria yake: haupitishi sukari ya glukozi peke yake, wala sodiumu peke yake. Unapitisha sodiumu 2 pamoja na glukozi 1, kwa pamoja, kutoka tumboni kuingia mu seli. Robert Crane, Mmarekani, ndiye alieleza jambo hili mwaka 1960, mu mkutano kule Prague.

A1 haina habari na mlango huu. Mlango wa kloridi umebaki wazi kutoa, lakini mlango wa sukari na sodiumu unaendelea kuingiza, hata mu mgonjwa aliyezidiwa. Na sodiumu ikiingia, mayi inaifuata. Basi, ukimupa mgonjwa mayi yenye sukari na chumvi kwa kipimo, unarudisha kwa mlango huu kile kinachotoka kwa mlango ule.

Mwaka 1968, kule Dhaka, ambayo leo ni mji mkuu wa Bangladesh, waganga vijana David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kolera wanaweza kunywa mayi hiyo na kupunguza sana mayi ya kutia mu mishipa. Mwaka 1971 vita ya Bangladesh ilisukuma mamilioni ya wakimbizi mpaka India. Mu kambi ya Bangaon mayi ya mishipa ilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya sukari, chumvi na soda, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 mu wagonjwa 100, vikashuka mpaka chini ya 4. Tangu mwaka 1978 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linaeneza dawa hiyo dunia nzima, na leo tunaijua mu vifuko vya SRO.

Sasa tujibu maneno tunayosikia mu kata. Mama mmoja anasema: "Usimupatie mayi, ataharisha zaidi." Tumujibu kwa heshima: Mama, mayi yenye kutoka haitoki juu amekunywa. Inatoka mu damu yake, kupitia mlango uliobaki wazi. Hata asipokunywa, itatoka tu, mpaka damu ikauke. Mwingine anasema: "Basi nimupe mayi tupu." Mayi tupu haina sodiumu wala sukari, mlango wa SGLT1 hauna cha kupitisha, na chumvi iliyopotea hairudi. Wa tatu anasema: "Nimupe Fanta, iko na sukari." Sukari ikizidi, inavuta mayi kutoka mu mwili kuingia mu tumbo, kuhara kunaongezeka, na chumvi yake haitoshi. Kipimo njo dawa.

Na mgonjwa anapona namna gani, kama kiwashio kimeharibika? Seli za matumbo haziishi siku nyingi. Kwa muda wa siku 3 mpaka 5 zinatoka na mpya zinachukua nafasi, na mikroba nazo zinatoka ao zinauawa na dawa. Kazi yetu ni kumuweka mtu na mayi mu mwili mpaka seli mpya zifike.

6. KOLERA MU INCHI YETU

Mtu asifikiri ni habari ya India tu. Kolera ya wakati huu ilianza kusambaa Indonesia mwaka 1961, ikafika Afrika mwaka 1970. Kwetu imepata makao kando ya maziwa ya mashariki: Kalemie ku Tanganyika, Moero, na maziwa ya Upemba karibu na Bukama. Kutoka kule inasafiri na watu, kwa mashua, kwa gari-moshi, kwa barabara. Mwezi wa 7 mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa Goma, na kwa mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kuhara, kolera na kuhara damu. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kolera ilipiga Lubumbashi na Likasi, na mwaka 2013 ikarudi tena Lubumbashi. Mwaka 2017 inchi nzima ilihesabu zaidi ya wagonjwa 50,000, na vifo zaidi ya 1,000.

Wale wa Goma na wale wa Lubumbashi walikuwa na SGLT1 mu matumbo yao, kila mmoja. Mlango ulikuwepo. Kwa wengi kilichokosa ni mayi safi, chumvi na sukari kidogo, na mtu wa kuwanywesha kwa wakati.

7. YA KUFANYA

Kwanza, kuzuia. Mayi ya kunywa ichemshwe vema ao itiwe klori. Mikono ioshwe kwa sabuni kisha choo na mbele ya kula. Matunda yaoshwe kwa mayi safi. Ndugu wa internati, ndoo ya mayi ya kunywa ifunikwe, na kopo yenye kuchotea isitumike kunywea. Maprefe wataangalia jambo hili kila jioni, na tunaomba kila chumba kisaidie bila kusukumwa.

Pili, mtu akianza kuhara mayi mengi, msingoje asubuhi. Aambiwe mwalimu wa zamu palepale, mgonjwa apelekwe ku kituo cha afya, na akiwa njiani anywe. Aliyezidiwa, asiyeweza kunywa, anahitaji mayi ya mishipani haraka. Hiyo ni kazi ya waganga.

Kama kifuko cha SRO kipo, kitumike kwanza, kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kama hakuna, tengeneza hivi:

- Mayi safi, iliyochemshwa na kupoa: litri 1
- Sukari: vijiko vidogo vya chai 6, vya kusawazisha
- Chumvi (munyu): nusu ya kijiko kidogo, ya kusawazisha

Angalieni kipimo cha litri. Chupa kubwa ya bia haifiki litri 1. Chupa ya mayi ya kununua, ile ya litri 1 na nusu, inahitaji vijiko 9 vya sukari na robo tatu ya kijiko cha chumvi. Ukionja, isipite chumvi ya machozi. Ikipita, mwaga, anza tena, zaidi kama ni ya mtoto. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, mara nyingi. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea. Isiyokwisha kwa saa 24 imwagwe. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Juu ya nini oksijeni inapita utando bila mlango, lakini sodiumu haipiti?
2. Eleza kazi ya kipande cha mbele cha protini yenye kwenda inje. Kingekatwa mbele ya ribosomu kufika ku Sec61, protini ingebaki wapi?
3. Taja milango mitatu ambayo sumu ya kolera inapita. Ku upi inapita kama uzi, ku upi kama kifurushi?
4. Sumu iko mu kifuko ndani ya seli. Je, imevuka ukuta? Toa sababu.
5. Mtu aliibadilisha A1 akaitia lisini nyingi. Unafikiri sumu itakuwa na nguvu zaidi ao kidogo? Juu ya nini?
6. Jirani anakataza mgonjwa kunywa. Mueleze kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kutaja neno hata moja la darasani, juu ya nini mgonjwa anywe.

Swali la 6 ndilo kubwa kuliko yote. Ku Exetat hawataliuliza. Lakini likizo ikifika, tutarudi Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, wengine mpaka Bukama na Kalemie, na kule njo tutaulizwa. Majibu ya maswali 1 mpaka 5 yatabandikwa ku mlango wa laboratwari wiki ijayo. La 6, kila mmoja alijaribu kwanza kwa mdogo wake ao kwa mama yake, kisha aje kutuambia kama walielewa.

Tunawatakia masomo mema na afya.

Ni sisi, prefe na wenzake wa mwaka wa mwisho.